Kibao Kimoja, Miaka Saba ya Kungoja Jukwaa: Kisa cha Duncan Sheik Kikisomwa Kampala

Mwaka 1996 lebo (kampuni ya kurekodi muziki) ya Atlantic ya Marekani ilitoa albamu ya kijana mpiga gitaa, mwenye sauti ya upole, aliyejitungia nyimbo zake mwenyewe. Albamu ilibeba jina lake, Duncan Sheik, na ndani yake mlikuwamo wimbo "Barely Breathing". Wimbo huo haukuwahi kushika namba moja. Ulipanda hadi namba 16 kwenye chati ya Billboard Hot 100, ukaishia hapo, lakini ukagoma kuondoka: ulikaa kwenye chati hiyo wiki 55, mwaka na ushee, ukampatia mwenyewe uteuzi wa tuzo ya Grammy. Miaka 10 baadaye, Desemba 2006, mtu huyohuyo alikuwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na tamthilia ya muziki wa roki iitwayo Spring Awakening. Juni 2007 tamthilia hiyo ilizoa tuzo 8 za Tony, tuzo kuu za maigizo ya Broadway, ikiwamo ile ya tamthilia bora ya muziki ya mwaka. Mbili kati ya hizo zilikuwa zake: ya muziki na mashairi, aliyoipata pamoja na mwandishi Steven Sater, na ya upangaji wa ala.

Ukizitazama tarehe hizo mbili tu utadhani mtu aliruka kutoka redioni akatua jukwaani. Hakuruka. Kati ya 1996 na 2006 kuna kazi ndefu ambayo haikuonekana, na hiyo ndiyo kisa chenyewe.

Ninakichambua nikiwa Kampala kwa sababu maalumu. Kundi la watunzi ninalolilea Makindye linaongea Kiswahili kuanzia salamu hadi ugomvi. Wengi wametoka Bunia, Goma na Bukavu, wachache ni watu wa Busia na Arua, na Kiluganda chetu kina viwango tofauti. Mmoja wao, kijana ambaye nyimbo zake zimewahi kuchezwa redioni, ameombwa na kikundi cha maigizo atunge nyimbo zote za tamthilia kuhusu familia iliyokimbia vita ikaja kuanza maisha hapa mjini. Aliniuliza kama kukubali si kujizika. Wenzake wa studio wanamwambia maigizo ni ya waliochuja, na kwamba akipotea redioni mwaka mmoja hakuna prodyuza atakayemkumbuka. Swali lake ni la haki na sikutaka kumjibu kwa kumtia moyo tu. Nikamwambia, mdogo wangu, tuchukue mtu aliyepita njia hiyo tukague kila hatua aliyoikanyaga.

Hatua ya kwanza ni ya mashaka. Albamu ya pili ya Sheik, Humming, ilitoka 1998 na haikuzaa kibao cha kukifuata kile cha kwanza. Kwenye lebo kubwa hilo si jambo dogo. Mkataba wa kawaida wa lebo hizo humtaka msanii alipe gharama za kurekodi, na mara nyingi sehemu ya gharama za video, kutoka kwenye mirabaha yake, yaani sehemu yake ya mapato, kabla hajaishika senti moja, na rekodi zenyewe hubaki mali ya kampuni. Msanii mwenye kibao kimoja basi huishi akingojwa atoe cha pili, na watu wanaojaza shoo zake wamekuja kusikia wimbo mmoja. Kampala tunaijua hali hiyo vizuri. Mwimbaji anapanda na nyimbo zake kwenye flashi, anaimba juu ya rekodi, anashuka, na mwaka ukigeuka jina jingine limeandikwa kwenye bango.

Kipindi hicho Sheik alikuwa ameshakutana na Steven Sater, mshairi na mwandishi wa tamthilia. Wote wawili ni wafuasi wa Ubudha wa Nichiren katika jumuiya ya Soka Gakkai, na urafiki wao ulianzia huko, mbali na ofisi za mameneja. Sater alimpa mashairi, Sheik akayatilia muziki, na mwaka 2001 yakatoka kama albamu nzima, Phantom Moon, kupitia lebo ya Nonesuch. Gitaa la akustika, fidla, mwendo wa taratibu. Hakuna hata wimbo mmoja wa kuchezesha ukumbi.

Wanaosimulia maisha yake huipita albamu hii mbiombio, kwa kuwa haikuvuma kama ile ya 1996. Mimi naiona kuwa ndiyo mlango. Hadi hapo Sheik alikuwa akiimba maneno yake, yaliyotoka kwenye maisha yake. Kwenye Phantom Moon ilimbidi abebe albamu nzima ya maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine, ayatafutie sauti, na bado msikilizaji amtambue kwamba ni yeye. Kutunga kwa ajili ya mhusika wa tamthilia ni kazi hiyohiyo, imeongezewa tu kinywa cha tatu. Kwa hiyo alipofika jukwaani hakuwa mgeni wa kazi yenyewe. Alikuwa ameshajifunza ndani ya studio, ambako kosa halionwi na mtu.

Tangu 1999 Sater alikuwa amemletea wazo jingine, lililokuja kuwa Spring Awakening: tamthilia ya Mjerumani Frank Wedekind iliyoandikwa 1891, kuhusu vijana wa mji mdogo ambao wazazi na walimu wao hawawaelezi chochote juu ya miili yao, na ujinga huo unawagharimu maisha. Yenyewe ilisubiri hadi 1906 ndipo ikaonyeshwa Berlin, maana wakubwa wa enzi hizo waliiona ni uchafu. Sater aliona kwamba kilio cha vijana wale kingefaa kuwa roki. Michael Mayer akaingia kama mwongozaji. Ikaanza safari ya warsha: La Jolla kule California, kisha kampuni ya maigizo ya Roundabout mjini New York, ahadi zinakuja na kupotea, kisha konsati Lincoln Center mwaka 2005, na hatimaye maonyesho kamili katikati ya 2006 kwenye ukumbi mdogo wa Atlantic Theater Company (hawa hawana uhusiano na lebo ya Atlantic, ni majina tu yamegongana). Desemba ikahamia Broadway, ukumbi wa Eugene O'Neill, ikaonyeshwa mara 859 hadi Januari 2009.

Hesabu: 1999 hadi 2006 ni miaka 7. Je, katika miaka hiyo mwimbaji alitoweka? La. Phantom Moon ni 2001, Daylight ni 2002, White Limousine ni Januari 2006, miezi michache kabla ya tamthilia kufunguliwa. Alikuwa na kazi mbili zikichemka pamoja, moja ya kutoka haraka na nyingine ya kusubiri, na ile ya haraka ndiyo iliyolifanya jina lake lisififie ile ya kusubiri ilipokuwa bado haina ukumbi. Hili ndilo jibu la kwanza kwa wale wanaomtisha kijana wangu. Wanazungumza kana kwamba lazima mtu achague mlango mmoja na kufunga mwingine kwa kufuli.

Sasa tuingie ndani ya nyimbo, kwa sababu hapa ndipo utaalamu wa mtunzi wa albamu ulipogeuka kuwa nguvu jukwaani.

Sheik hakuwa mpenzi wa ule mtindo wa kawaida wa Broadway ambapo mtu yuko katikati ya mazungumzo, mara anaanza kumwimbia mwenzake habari ambazo angeweza kumwambia tu. Yeye na Sater wakaamua kwamba nyimbo za tamthilia yao ziwe mawazo ya ndani. Kisa kinaendeshwa kwa maneno ya kusemwa. Wimbo ukifika, kisa kinasimama, na mhusika anafungua kifua chake mbele yetu; aliyesimama naye jukwaani hasikii kitu. Uamuzi huo unaonekana mdogo, lakini umebeba mambo mengi. Wimbo usiobeba kazi ya kusimulia kisa unaweza kutolewa kwenye tamthilia ukasimama peke yake redioni au kwenye albamu, na msikilizaji asiyejua lolote kuhusu tamthilia akaguswa. Vilevile, kufungua kifua peke yako mbele ya maikrofoni ndiyo kazi ambayo mtunzi wa aina ya Sheik amekuwa akiifanya tangu ujana. Hakuombwa ajifunze ufundi mpya. Tamthilia ndiyo iliyojengwa kuuzunguka ufundi aliokuwa nao.

Tazama inavyofunguliwa. Msichana aitwaye Wendla yuko peke yake jukwaani na anaimba "Mama Who Bore Me" taratibu, ala chache chini ya sauti, akilalamika kwamba mama aliyemzaa hakumpa maarifa ya kuishi. Wimbo unakwisha. Anamwuliza mama yake watoto wanatoka wapi, naye mama, kwa aibu, anamzungusha hadi anaishia kutomwambia chochote cha maana. Na hapo wimbo uleule unarudi, safari hii wasichana wote wanaimba, ngoma zinagonga, miguu inapiga sakafu. Sauti ni ileile na maneno yanafanana, lakini swali limekuwa hasira, na hasira ya mmoja imekuwa ya kizazi. Mtu aliyezoea kutengeneza albamu anaujua mchezo huo: wimbo uleule unaweza kuingia mara ya kwanza na gitaa tupu na mara ya pili na bendi nzima, na msikilizaji akaelewa kwamba kuna jambo limetokea katikati bila kuambiwa.

Kisha kuna maikrofoni. Wahusika wamevaa mavazi ya shule ya miaka ya 1890, makoti ya sufu yaliyofungwa hadi shingoni. Mvulana anapigwa na mwalimu kwa kukosea Kilatini, mwenzake anajaribu kumtetea, na wimbo unapoanza anachomoa maikrofoni ya mkononi kutoka ndani ya koti lake. Ghafla ni mwanamuziki wa roki. Anapomaliza anairudisha kotini na ni mwanafunzi tena, chini ya fimbo. Bendi yenyewe imekaa jukwaani, inaonekana, na ni ndogo: kinanda, gitaa, besi, drams, na fidla, viola na selo. Sheik alizipanga ala hizo mwenyewe, wakati watunzi wengi wa Broadway huandika sauti kuu kisha humkabidhi mpangaji mwingine. Simon Hale alimsaidia upande wa nyuzi na AnnMarie Milazzo alipanga sauti za waimbaji, lakini mwili wa muziki ulikuwa wake, kama ambavyo mwili wa albamu huwa wa msanii anayekaa studio mpaka usiku akitafuta jinsi gitaa linavyopaswa kulia. Rekodi ya waigizaji wa tamthilia hiyo, aliyoisimamia pia kama prodyuza, ilipata Grammy mwaka 2008. Safari hii hakuteuliwa tu. Alishinda, na alishinda kwa rekodi iliyozaliwa jukwaani.

Wazo la wimbo kama sauti ya ndani lilionyesha uzito wake zaidi mwaka 2015, kundi la Deaf West la Los Angeles lilipoirudisha tamthilia hiyo Broadway. Baadhi ya wahusika walichezwa na viziwi walioongea kwa lugha ya alama, na nyuma ya kila mmoja alisimama mwimbaji aliyempa sauti. Mwili mmoja unaishi, mwili wa pili unaimba kilichomo moyoni mwa wa kwanza. Wasingeweza kufanya hivyo bila kulazimisha kama nyimbo zingekuwa mazungumzo. Kwa kuwa zilikuwa mawazo, mhusika angeweza kugawanywa bila kukatika.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya tamthilia ya kijana wetu. Kikundi kilichomwomba kinaigiza kwa Kiluganda, na ndivyo inavyopaswa kuwa Kampala. Watazamaji wanaolipa kiingilio wanakitaka. Lakini familia katika kisa imetoka Kongo. Sokoni watasema Kiluganda cha kubabaisha, kwa mwenye nyumba watasema Kiluganda cha kuomba. Wakibaki peke yao na mawazo yao watakuwa wapi? Watakuwa kwenye Kiswahili. Pendekezo langu, na kijana amelipenda, ni kwamba maneno ya kusemwa yabaki Kiluganda na nyimbo zote ziwe Kiswahili. Mtazamaji atajua bila kuelezwa kwamba wimbo unapoanza tumeingia ndani ya mtu. Na nyimbo hizo, zikiwa za Kiswahili na zikiwa hazifungwi na kisa, zinaweza kutoka kama singo zikapigwa Goma, Nairobi na Kigoma, mahali ambapo tamthilia yenyewe haitafika.

Tugeukie haki na pesa, sehemu ambayo watunzi wetu huikwepa mpaka siku ya kulia.

Katika utamaduni wa tamthilia wa Marekani mwandishi na mtunzi hubaki wenye kazi yao. Mwandaaji anayeweka mtaji hainunui tamthilia. Anakodi ruhusa ya kuionyesha, na analipa mirabaha kwa kila onyesho. Onyesho la kwanza likifungwa, kazi inarudi kwa wenyewe, nao huipeleka kwa shirika la leseni. Spring Awakening iko chini ya Music Theatre International, ambao hukodisha maandishi na noti kwa vyuo, shule na vikundi vya mitaani popote vinapotaka kuionyesha. Linganisha na wimbo wa 1996. Kwa mkataba wa kawaida wa lebo, rekodi ni ya kampuni hata baada ya miaka mingi. Mtu mmoja, milango miwili, na tofauti kubwa kabisa kati ya milango hiyo ni jina la mwenye mali. Pazia la Broadway lilishuka Januari 2009, ila kazi haikuacha kufanya kazi.

Na isidhaniwe kwamba kila alichogusa baadaye kiligeuka dhahabu. Whisper House ilitoka kwanza kama albamu, Januari 2009, kisha ikapanda jukwaani San Diego 2010; njia hiyo ya kutanguliza albamu naipenda, kwani tamthilia inakuta masikio yameshaandaliwa. American Psycho ilianza London, ukumbi wa Almeida, mwishoni mwa 2013, ikiwa na muziki wa kielektroniki mtupu, na ilipofika Broadway 2016 ilifungwa baada ya maonyesho 54 tu. Wapo watakaosema hiyo ni aibu. Sikubaliani. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa albamu nyingine, Legerdemain, na 2019 alikuwa na tamthilia mbili mpya kwenye kumbi ndogo za New York. Onyesho moja kufa mapema si kufa kwa mtunzi mwenye kazi nyingine mkononi.

Sasa Uganda. Kuna watu wanaongea kana kwamba ndoa ya muziki wa rekodi na maigizo ni jambo la kigeni ambalo tunaliiga. Hapana. Mwaka 1971 Byron Kawadwa aliandika Oluyimba lwa Wankoko, tamthilia ya muziki kwa Kiluganda, na Wassanyi Serukenya akaitungia nyimbo: mwandishi mmoja, mtunzi mmoja, kazi ya pamoja, zaidi ya miongo mitatu kabla ya Sater na Sheik kupata ukumbi. Kawadwa akawa kiongozi wa Jumba la Maigizo la Taifa, lile lililofunguliwa 1959 katikati ya Kampala, na mwaka 1977 tamthilia hiyo ikapelekwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika. Baada ya kurudi, mwaka huohuo, alikamatwa na watu wa usalama wa Idi Amin na kuuawa. Kila mwanamuziki anayepanda jukwaa lile anapaswa kulijua jina hilo. Mtu aliuawa katika nchi hii kwa sababu jukwaa lenye nyimbo lilikuwa na nguvu kuliko watawala walivyoweza kuvumilia.

Baadaye likaja kundi la Ebonies, na sauti nzito ya Jimmy Katumba, wakichanganya nyimbo na maigizo mpaka mashabiki wasijue walikuja kwa lipi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Alex Mukulu, mwanamuziki na mwandishi, alikuwa akijaza kumbi kwa tamthilia zenye muziki ndani. Na chini ya yote hayo kuna kadongo kamu, mtu na gitaa lake akisimulia kisa kirefu chenye wahusika, ugomvi na mauti. Paulo Kafeero angeweza kukuweka kwenye kiti kwa wimbo mmoja tu kama vile umelipia tamthilia. Mtunzi wa Uganda anayeogopa jukwaa anaogopa nyumba aliyozaliwa.

Kipaji basi tunacho, na mila tunayo. Tunachokosa ni kile kinachotokea siku pazia linaposhuka. Kikundi kinaonyesha tamthilia msimu mmoja, watu wanajaa, nyimbo zinaimbwa hadi kwenye teksi, halafu mwigizaji mkuu anahama, kikundi kinavunjika, na hakuna mahali palipohifadhiwa noti, hakuna maandishi safi, hakuna rekodi ya kila wimbo. Shule inayotaka kuionyesha haina pa kuiomba. Na shule zipo! Mashindano ya muziki, ngoma na maigizo ya shule hufanyika nchini kila mwaka, na walimu wanahangaika kutafuta kazi za kuonyesha. Hilo ni soko la leseni lililokaa wazi mbele ya macho yetu.

Sheria nayo ina mtego ambao nimemwonyesha kijana kwa kidole, mstari kwa mstari. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda kazi ya asili iliyowekwa katika umbo linaloshikika: imeandikwa, imerekodiwa, imehifadhiwa. Wimbo ulio kichwani mwa waigizaji pekee haujafika hapo. Hiyo ni shida ya kwanza na dawa yake ni simu na jioni moja ya kurekodi. Shida ya pili ni nzito zaidi. Sheria hiyo inasema kazi iliyotungwa kwa kuagizwa, pasipo mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki yake ni ya aliyeagiza. Soma tena polepole. Kikundi kimemwagiza kijana atunge nyimbo. Akitunga kwa kupeana mikono tu, kama tunavyofanya wote kwa sababu ni marafiki na kudai karatasi kunaonekana kama kutoaminiana, nyimbo hizo si zake. Hata akitaka kuziweka kwenye albamu yake mwenyewe ataanza kwa kuomba ruhusa. Sheik aliingia kwenye tamthilia kama mwandishi mwenza tangu siku Sater alipomletea wazo. Kijana wetu ameitwa kama fundi wa kuleta sauti. Jukwaa ni lilelile, lakini hao ni watu wawili wenye haki tofauti kabisa.

Kwa hiyo sikumwambia akubali wala akatae. Nilimwambia abadilishe nafasi yake kwanza. Tukakaa na mwandishi wa tamthilia, dada mwerevu na msikivu, na nikafurahi kuona kwamba naye hakuwahi kuandikiwa chochote na kikundi chake. Mtego ule uliwahusu wote wawili. Rasimu ya mkataba tuliyoiandaa, ambayo wakili anaipitia, inasema muziki ni wa mtunzi, maneno ya kusemwa ni ya mwandishi, na mashairi ya nyimbo ni ya wote wawili kwa sehemu sawa. Kikundi kinapata haki ya kuwa wa kwanza kuionyesha, kwa muda uliotajwa, na baada ya hapo sehemu ya mapato ya leseni kwa kuwa ndicho kilichoibebea hatari mwanzoni. Nyimbo zinaweza kutolewa na mtunzi kama rekodi wakati wowote, mradi jina la tamthilia litajwe. Chama cha UPRS kitamkusanyia mirabaha nyimbo zikipigwa redioni na kwenye mabaa; ruhusa ya kuigiza tamthilia yenyewe jukwaani itatolewa na waandishi wenyewe, kwa maandishi.

Upande wa sanaa tumekubaliana kwamba arekodi nyimbo tatu mapema, kabla ya mazoezi kuanza, na azitoe kwa jina lake. Bendi itakuwa ndogo na itakaa jukwaani: gitaa, besi, drams, na endingidi, fidla yetu ya uzi mmoja, mahali ambapo Sheik aliweka fidla, kwa sababu uzi ule mmoja ukilia chini ya sauti ya mtu hakuna kinanda kitakachoufikia. Hakuna kuimba juu ya flashi. Waigizaji watatumia maikrofoni za mkononi, na mama wa familia atakuwa akiitoa yake ndani ya mkunjo wa kitenge.

Lililobaki bila jibu ni moja, na wakili ametuambia tulimalize kabla ya mtu yeyote kutia saini: kikundi kikivunjika kabla muda wake wa kuionyesha haujaisha, haki hiyo inarudi kwa waandishi siku hiyohiyo, au inabaki kwa wanachama wake mmoja mmoja? Kiongozi wa kikundi anataka ibaki. Mwandishi anataka irudi. Kijana, ambaye tayari ana sauti za nyimbo nne kwenye simu yake, anataka irudi pia, na safari hii ameanza kulisema mwenyewe mbele ya wakubwa zake, kwa adabu, bila kunitazama mimi kwanza.